Ngeli ya Msitu wa Kitala

Harufu ilishuka mtaa wa Mnadani wakati watu wanaanua nguo. Kwanza mbwa walinyamaza. Kisha Bi Tatu, aliyekuwa na shuka mikononi, akakaa chini pale pale uani na kuanza kutetemeka. Hakuuliza kitu. Watu wa Mnadani walishazoea kuogopa kwanza na kuuliza baadaye. Harufu yenyewe wala si kali, inafanana na ya sufuria iliyosahauliwa jikoni mpaka maji yakakauka, lakini ukiivuta mara moja tu moyo unaanza kwenda mbio, na unajikuta unamtafuta mtoto wako kwa macho hata kama huna mtoto.

"Wamekata," alisema Bi Tatu.

Binti yake mkubwa, Mwantumu, alikuwa ameshavaa viatu. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa miti wa Manispaa ya Kwemsambia, na msitu wa Kitala, uliokaa juu ya mtaa wao kama mzigo kichwani, ulikuwa chini ya sauti yake. Saini yake haikuwa na kazi kule juu, wala mhuri. Ni sauti tu. Mti wowote wa Kitala uliotaka kukatwa, iwe kwa ajili ya barabara, nyumba au choo cha shule, ulikatwa baada ya Mwantumu kupanda, kuuwekea mkono na kutamka. Asipotamka, msitu unajilinda wenyewe, na unavyojilinda ndivyo hivyo Bi Tatu alivyokuwa akitetemeka na shuka lake.

Alimfunika mama yake kwa khanga, akamwambia asisimame mpaka hewa isafike, akapanda mlima karibu anakimbia. Naye aliogopa. Mkaguzi anavuta hewa ile ile wanayovuta wengine, tofauti ni kwamba yeye analipwa ili aendelee kutembea.

*

Langoni alimkuta mhandisi Singano amekaa juu ya jiwe la mpaka, koti limejaa vumbi la mbao, barakoa kubwa ya mpira inaning'inia shingoni. Huyu ndiye aliyekuwa akijenga nyumba za watu waliohamishwa Kwemdimu, na kwa mwezi mzima alikuwa akimfuata Mwantumu ofisini kwa ajili ya mti mmoja mkubwa wa mkulo uliosimama katikati ya njia ya barabara yake. Mwantumu alikataa mara zote. Mkulo ule ndio ulioshika bega la mlima, na kila mtu aliyesoma ramani ya udongo alijua hivyo, Singano mwenyewe akiwemo.

"Nani yuko ndani?" aliuliza Mwantumu.

Singano hakumtazama. Akasema yuko fundi wake mmoja wa msumeno. Akasema alimpa barakoa kama hii, nzuri, ya kutoka nje, isiyopitisha harufu, na kijana alifanya kazi vizuri tu bila hofu yoyote mpaka mti ukaanguka. Halafu akavua barakoa apumue.

"Nimekuuliza nani."

"Mdogo wako," alisema Singano. "Mbaruku."

Tuseme ukweli, Mwantumu angependa kumpiga. Mkono ulinyanyuka kabisa. Lakini harufu ilikuwa nzito pale langoni, na mtu aliyejaa woga hana nguvu za kupiga, kwa hiyo mkono ulishuka wenyewe. Akachota maji kwenye mtungi wa langoni, akasukutua mdomo mara tatu na kuyatema nje ya mpaka. Wakaguzi wote hufanya hivyo. Wanaita kuacha "u" mlangoni.

Wageni huwa wanacheka wakiona. Watu wa Kwemdimu hawacheki.

Ni hivi. Chini ya Kitala, kama chini ya misitu yote ya manispaa, kuna utando. Ulioteshwa maabara kutoka kwenye jamii ya uyoga, nyuzi zake nyembamba kuliko nywele, nao umeshika kila mzizi, kila jiwe na kila tonge la udongo wa mlima ule. Unahisi msumeno. Unatoa harufu. Na kwa kuwa huko juu kuna ukungu na mvua na hakuna mashine inayodumu, waliouunda waliufundisha kusikia, ukamtii mkaguzi mmoja kwa sauti yake, kwa Kiswahili. Baraza la madiwani lilijivuna sana kuhusu hicho Kiswahili. Hakuna diwani aliyefikiria ngeli.

Mkaguzi wa kwanza, pale Kwemdimu, aliweka mkono kwenye mti mbovu akasema, kama ambavyo mimi na wewe tungesema, "Uachiwe." Alimaanisha mti. Lakini mti ni "u". Na msitu ni "u". Na mlima ni "u", na mtaa, na utando wenyewe, na "wewe" unayeambiwa. Utando ulipewa neno moja lenye wenyewe wengi, ukachagua mkubwa kuliko wote. Ukauachia mlima. Nyumba za Kwemdimu zilishuka bondeni watu wakiwa mezani.

Tangu siku hiyo sheria ndogo ya manispaa ikasema kwamba ndani ya msitu mti ni "yeye". Mti huyu. Mti amesimama. Abaki, au aachiwe. Mkaguzi haruhusiwi kutamka "u" ya aina yoyote akishavuka jiwe la mpaka, wala kumwita mtu yeyote "wewe", kwa sababu humo ndani "wewe" ni mmoja tu, yule anayesikiliza chini ya miguu. Kishambaa nacho kilikatazwa. Utando ukisikia lugha usiyoijua unakisia, na hakuna aliyetaka kuishi chini ya mlima unaokisia.

Kwa miaka tisa Mwantumu alikuwa ameufunga ulimi wake kwa sheria hiyo mpaka ikamfuata nyumbani. Mama yake alikuwa akimtania sokoni kwa kusema boga "amekatwa" na mkungu wa ndizi "ameiva". Watoto wa mtaani waliiga. Ilikuwa jambo la kuchekesha kweli.

"Mhandisi aje nyuma yangu," alisema baada ya kuvuka jiwe. "Mhandisi asiguse kitu."

*

Mbaruku alikuwa amekaa juu ya kisiki. Mkulo ulikuwa umelala ubavuni mwake ukiwa mzima, mkubwa kuliko nyumba ya Bi Tatu, na harufu yake tamu ya dawa ilichanganyika na ile nyingine. Msumeno ulikuwa umezimika kwenye majani. Kijana mwenyewe alikuwa ameshika magoti kwa mikono yote miwili, meno yanagongana, na alipomwona dada yake uso wake ulikunjamana kama enzi zile akiwa mdogo akiamka kwenye ndoto mbaya.

"Dada," alisema. "Sijui ninaogopa nini."

Mwantumu alitaka kumkimbilia. Akasimama, kwa sababu aliona miguu yake.

Alikuwa amewatoa watu wengi humo. Waiba kuni, wachoma mkaa, vijana walioletwa na ujinga. Wote aliwakuta wamekaa njiani, wamelegea magoti kwa woga baada ya kupiga shoka mara mbili tatu, na kila mara alisema maneno yale yale, mtu huyu aachiwe, harufu ikakatika, mtu akainuka akalia akaenda zake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumaliza mti mkubwa. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye pengo lililoachwa na mti.

Nyuzi zilikuwa zimetoka pembeni mwa kisiki, nyeupe, zenye unyevu, zimepita juu ya buti za Mbaruku, zimeingia kwenye matundu ya kamba na kwenye ngozi ya vifundo. Hapakuwa na damu. Zilikuwa zimepanda mpaka katikati ya shavu la mguu, na ukikaza macho uliona zinasogea.

"Nyamaza kwanza, usijitikise," Singano alimwambia Mbaruku kutoka nyuma. Singano aliweza kusema "wewe" apendavyo. Utando haukumjua.

Kanuni inamtaka mkaguzi aulize kabla ya kutamka. Mara nyingi Mwantumu aliruka hatua hiyo, maana jibu lilikuwa wazi. Leo hakuiruka, na hakujua ni nini kilichomzuia, labda ni kule kuona zile nyuzi zikitembea.

"Aliyekaa hapa ni nani?" aliuliza.

Kwenye nguzo iliyokuwa karibu kulikuwa na kipaza sauti chenye kutu. Utando ulijibu kwa sauti ya Mwantumu mwenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo sauti pekee uliyowahi kufundishwa.

"Ni mwenetu. Amekaa mahali pa shangazi."

Shangazi lilikuwa jina ambalo yeye mwenyewe aliupa ule mkulo. Sheria haikumtuma. Ni upweke wa kazi tu, mtu unatembea peke yako kila siku msituni, unasalimia miti. Shikamoo shangazi. Mjomba mshai ameamkaje. Aliona ni heshima, na aliona pia ni usalama, kwa sababu ukimwita mti shangazi huwezi kusahau ukamwita "u".

"Mbaruku si mti," alisema, akichagua kila neno kama mtu anayevuka maji kwa mawe. "Mbaruku ni mtu."

"Mtu anakunywa. Mti anakunywa. Mtu anaumwa, mti anaumwa, mtu anaitwa shangazi na mti anaitwa shangazi. Ndivyo ulivyotufundisha." Sauti ilikaa kidogo, kama anavyokaa yeye akivuta pumzi. "Pengo limejaa. Tuambie. Abaki au aachiwe?"

Mwantumu alifungua mdomo, na jibu lilikuwa tayari ulimini, neno alilolisema mara elfu. Kisha akawakumbuka mbuzi wa Mama Nasra.

Walikuwa wawili. Waliingia msimu wa kiangazi kupitia uzio uliovunjika wakalala kwenye shimo la mti uliong'oka, na alipowapata nyuzi zilikuwa zimeshawapanda. Kwa yule wa kwanza alitamka, mbuzi huyu aachiwe. Utando ukamwachia kama unavyoachia mti, yaani ukavuta maji yake na kila ulichokuwa umeshika, na kabla ya jua kuzama mbuzi alikuwa amekauka amesimama, mwepesi, ngozi inalia kama gazeti ukiigusa. Kwa yule wa pili akasema abaki. Huyo yumo mpaka leo. Anapumua. Kuvu imeshika pembe zake na jani la kwanza lilimwota mgongoni mwaka jana. Mwantumu akipita karibu naye huwa anageuza uso.

Akafunga mdomo.

"Mkaguzi anatoka nje mara moja," alisema. "Mkaguzi atarudi."

"Dada, unaenda wapi?" aliuliza Mbaruku. "Dada?"

Hakuweza kumjibu kwa namna ambayo ndugu humjibu ndugu. Alimshika bega, akalibana kwa nguvu, akatoka.

*

Nje ya jiwe la mpaka alimpigia simu mkurugenzi wa manispaa, mama mmoja anayeitwa Kaniki, na akaeleza yote kwa pumzi moja. Kaniki akauliza kama kuzikata zile nyuzi kwa kisu haiwezekani, na Mwantumu akasema hata mkurugenzi anajua haiwezekani, zikishaingia mwilini zikikatwa mtu anakatika nazo. Akauliza kama utando hauwezi kuzimwa. Akajibiwa kwamba utando ndio ulioshika mlima baada ya mkulo kulala, uzimwe tu kisha mvua inyeshe, mlima unashuka. Wataalamu wangeweza kufika baada ya siku kadhaa. Nyuzi zilikuwa zinaelekea magotini, na kilichopita magoti, kwa walivyoona kwa mbuzi, hakirudi.

"Sheria inampa mkaguzi uamuzi," alisema Kaniki mwishoni. "Mimi siwezi kukuamulia, Mwantumu. Nitakuunga mkono kwa lolote."

Simu ikakatika. Lolote ni neno zuri sana kwa mtu aliyekaa ofisini.

Singano alikuwa ameketi tena juu ya jiwe, na woga ulikuwa umemfanya awe na maneno mengi. Mbona jambo lenyewe ni dogo, alisema. Mwite jina, umwambie yeye. Wewe Mbaruku, uachiwe. Utando si mjinga, umejifunza hata shangazi, utashindwaje kujua Mbaruku ni nani?

"Ndivyo yule wa Kwemdimu alivyodhani," alisema Mwantumu.

"Yule hakutaja jina."

Hilo lilimkaa moyoni. Alikuwa ameshalifikiria njiani, na ndilo lililokuwa likimtisha zaidi, kwa sababu lilikuwa na tumaini ndani yake. Huenda jina lingetosha. Huenda utando ungesikia Mbaruku, ukasikia uachiwe, ukaviunganisha. Au ungesikia "wewe" na kujiona wenyewe, kama ulivyozoea, ukajiachia, na mlima pamoja nao. Akajaribu njia nyingine kichwani. Tuachiwe? Lakini utando nao ulikuwa ukijiita "tu", ameusikia kwa masikio yake. Tuachiwe ingekuwa mkulo na mishai na mbuzi na Mbaruku na yeye na udongo wote. Kila mlango aliousukuma ulikuwa na watu nyuma yake.

Akatazama chini. Ungeweza kuona Mnadani yote kutoka pale. Hakuna aliyekuwa amesimama. Watu walikaa vibarazani na barabarani na kwenye ngazi za msikiti, kila mmoja pale hofu ilipomkuta, kama walivyofundishwa, wakingoja mkaguzi aseme neno ili wainuke. Uani kwa Bi Tatu kulikuwa na kitu chekundu, ile khanga. Nyuma ya yote, kutoka upande wa tambarare, mvua ilikuwa inakuja nyeusi tii.

"Mhandisi," alisema, akiwa bado nje, akitumia ulimi wake wa kawaida kwa mara ya mwisho. "Utakuja nami. Mimi siwezi kumweleza. Utamweleza wewe, yote, bila kumdanganya. Ukimdanganya nitakuacha humo."

*

Nyuzi zilikuwa zimefika chini kidogo ya magoti. Mbaruku alikuwa ameacha kutetemeka miguu, mikono tu ndiyo iliyotetemeka, na hilo peke yake lilimwogofya Mwantumu kuliko kama angemkuta analia.

Singano alipiga magoti mbele ya kijana na kumweleza. Sifa yake moja siku ile ni kwamba hakudanganya. Alisema aachiwe ni kukauka. Alisema abaki ni kubaki. Alisema ipo njia ya tatu, dada yako akutamkie wewe kama wewe, lakini hiyo inaweza kukuachia au inaweza kuuachia mlima, na hakuna anayejua. Alipomaliza alifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mbao, akarudi nyuma.

Mbaruku alimtazama dada yake. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, baba yao alifariki yeye akiwa bado tumboni, na Mwantumu ndiye aliyembeba mgongoni kwenda naye shule, akakaa naye dawati moja mpaka mwalimu akachoka kumfukuza.

"Mama yuko nyumbani?" aliuliza.

"Yuko," alisema Singano.

Kijana alifikiria. Ungedhani mtu akifika hapo atasema neno kubwa, neno la kukumbukwa. Mbaruku alikuwa anaogopa, na anayeogopa hutaka kutoka.

"Bahatisha, dada," alisema. "Kwani lazima mlima uanguke? Labda hauanguki. Labda unajua mimi ni nani. Nitaje jina, nitaje na la baba, bahatisha tu. Mama atakuelewa. Mimi siwezi kukaa hapa. Nimemwona yule mbuzi, dada. Macho yake yanatembea."

Mwantumu alikaa chini mbele yake, kwenye vumbi la mkulo, akamshika mikono. Ilikuwa ya moto bado. Alitamani kumwambia kwamba hata yeye anaamini labda. Alitamani kumwambia, laiti ungekuwa ni uhai wangu ningebahatisha sasa hivi hata bila kuvuta pumzi. Lakini kubahatisha kwa uhai wa watu waliokaa chini kwenye ngazi za msikiti wakimngoja yeye, kinyume cha kanuni aliyoiapia, na mama yao akiwa katikati yao amejifunika khanga, hilo alilipima na kulipima na kila mara lilikuwa zito upande ule ule. Hakukuwa na haki ndani yake. Aliyeleta barakoa alikuwa amesimama pale mzima, na aliyetumwa ndiye aliyekalia kisiki. Alijua hivyo, na kujua hakukubadilisha kitu.

Nyuzi zikagusa goti la kushoto.

"Tuambie," ilisema sauti yake kutoka kwenye nguzo. "Abaki au aachiwe?"

"Dada, usiniue," alisema Mbaruku. "Na usiniache. Sema ile nyingine."

Mwantumu aliinamisha kichwa mpaka kipaji kikagusa mikono ya mdogo wake. Akasema taratibu, wazi, kama kanuni inavyotaka, ili kusiwe na kukosea kusikia.

"Abaki."

Harufu ilikatika. Haikupungua kidogo kidogo, ilikatika, na hewa ya msitu ikarudi kuwa hewa, yenye majani mabichi na maji. Kule chini mbwa mmoja alibweka, kisha wengine, na watu wa Mnadani lazima walikuwa wanainuka, wanakung'uta nguo, wanacheka ile aibu ya walioogopa bure. Mlima haukusogea. Singano alilia kwa sauti, halafu akaondoka bila kuaga, wakasikia matawi yakivunjika alikopita.

Mikono ya Mbaruku iliacha kutetemeka. Mwantumu alinyanyua uso akaona hofu yote imemtoka, uso umekuwa laini, umepumzika, macho yametulia kama ya mtu aliyeamka vizuri. Utando hauwatishi walio wake. Yeye ndiye aliyekuwa anatetemeka sasa, na hapakuwa na harufu yoyote ya kusingizia.

"Imeisha," alisema Mbaruku kwa mshangao. "Siogopi tena. Sikusikia vizuri, dada. Umesemaje?"

Alitafuta jibu. Maneno yote ya kumfariji mtu yalikuja kwa wingi, na yote yalianza kwa ile sauti aliyoiacha langoni. Utapona. Usiogope. Utakuwa salama. Hakuna hata moja ambalo lingeweza kutoka mdomoni mwake bila kusikiwa na mlima mzima. Dunia nzima ingeweza kumwita kijana huyu wewe, wapita njia, mafundi, hata Singano. Dada yake tu ndiye asiyeweza.

"Mbaruku atakuwa salama," alisema. "Mama ataletwa kumwona. Mbaruku hataachwa peke yake. Mkaguzi atakuja kila siku."

Mbaruku alimtazama kwa makini, kichwa upande, akisikiliza. Ilimchukua muda. Alikuwa amekua akisikia lugha hiyo, alikuwa ameicheka sokoni pamoja na watoto wengine, na Mwantumu aliona kabisa pale ilipomfikia kwamba sasa anasemewa yeye.

"Sema nami, dada," alisema polepole. "Usiniseme."

Mvua ilianza kupiga majani ya juu. Mwantumu alimshika uso kwa viganja vyote viwili, akakaza meno mpaka taya likauma, na akalitafuta neno moja tu, neno lolote, ambalo lilikuwa la kwake na la mdogo wake peke yao.

"Mbaruku asilie," alisema.

Mbaruku hakuwa akilia.